Anatembea vizuri, chenji inachelewa

Ukifika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi, mitumbwi imeshatua na dagaa wa usiku wanamwagwa kuanikwa, utawakuta akina mama wanapiga hesabu ambayo karani wa benki angeomba kikokotoo. Mteja wa kwanza anataka sado tatu, ana shilingi. Wa pili ametoka Burundi, anataka gunia, ana faranga na anauliza leo mnabadilisha kwa ngapi. Wa tatu hata hajaamua, anaomba apunguziwe huku ameshaanza kutafuna dagaa za watu. Mama anawajibu wote, anafukuza kuku, chenji inatoka kamili. Karatasi hakuna, kalamu hakuna.

Mama yangu mdogo alifanya kazi hiyo miaka 14. Siku moja nikakaa naye pale kwenye gogo, nikamwona anahesabu noti. Mteja mwingine akauliza bei. Akamjibu, akarudi kwenye noti, akakwama. Akazitazama kama vile kuna mtu amemwekea mkononi sasa hivi. Akaanza tena kuanzia ya kwanza. Mteja akasonya. "Vipi mama, umelala?" Mama mdogo alikuwa na miaka 37, na jioni ya siku hiyo hiyo alipandisha kilima na ndoo ya maji kichwani bila kuishika.

Tayari alikuwa na karatasi ya hospitali inayosema ana multipli sklerosisi, MS kwa kifupi. Kuipata karatasi hiyo kulimchukua miaka mitatu. Kwanza jicho moja liliona ukungu wiki kadhaa, likapona. Kisha ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, nayo ikaondoka. Katikati alitibiwa taifodi mara ambazo hata yeye hazikumbuki, akapelekwa kuombewa, na shangazi mmoja akatoa uamuzi kwamba amechezewa na mwenzake wa sokoni. Hatimaye alisafirishwa mbali kwenda kupigwa picha ya MRI, jibu likatoka. Siku ya kurudi kliniki daktari alimwambia tembea hadi mlangoni, geuka, rudi. Akatembea, akageuka, akarudi. "Miguu iko sawa mama, unaendelea vizuri."

Hoja yangu yote iko kwenye huo mstari wa daktari. Sisi huku, pamoja na waganga wetu wa kisasa, tunampima mgonjwa wa MS kwa miguu. Akitembea, ni mzima. Na akishakuwa mzima, akisahau ni mzembe, akichelewa kujibu ana majivuno, hesabu ikipungua ni mwizi.

Ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili kukosea adui. Mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo imevikwa utando wa mafuta unaoitwa mielini, na kinga inaushambulia, inaubandua vipande vipande, panabaki makovu. Jina la ugonjwa maana yake ni hiyo hiyo, makovu mengi. Kazi ya mielini ni kuupitisha ujumbe kwa kuruka, bila kutambaa hatua kwa hatua. Aliyewahi kusafiri na reli yetu ya kati ananielewa. Kuna safari ambayo treni inaruka stesheni ndogo zote kati ya Tabora na Kigoma, na kuna safari ambayo inasimama Usoke, inasimama Urambo, inasimama Kaliua, inasimama Nguruka, halafu Malagarasi mnalala mkiangalia mto. Abiria ni wale wale, mzigo ni ule ule. Kilichopotea ni saa.

Ndivyo kichwa cha mgonjwa wa MS kinavyoanza kupata shida. Akili haijaondoka. Msamiati wake upo, busara ipo, ujuzi wa zamani upo. Anajua dagaa wabichi kwa kunusa na mkopaji mbaya kwa kumtazama usoni. Kilichopungua ni kasi ya kupokea jambo na kulifanyia kazi, hasa mambo mawili yakija pamoja. Baada ya kasi hufuata kumbukumbu ya mambo mapya, umakini wa muda mrefu, kupanga shughuli yenye hatua nyingi, na lile neno unalolijua kabisa linalogoma kutoka mdomoni.

Wala hili si jipya. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1868 na miaka iliyofuata, alieleza pia kuwa kumbukumbu za wagonjwa wake zilidhoofika na mawazo yao yalijengeka polepole. Baada yake madaktari walilisahau jambo hilo karibu karne nzima (samahani kwa neno hilo). Mwaka 1955 Mmarekani John Kurtzke akatoa kipimo cha ulemavu wa MS, akakipanua mwaka 1983, na ndicho kinachotumika duniani hadi leo. Kinaanzia 0 hadi 10. Kuanzia 4 kwenda juu kinachoamua sehemu kubwa ni umbali unaotembea: 6 unahitaji fimbo, 7 upo kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo daktari wa mama mdogo hakujitungia. Alifuata alichofundishwa.

Mwaka 1991 ndipo Stephen Rao na wenzake wa Milwaukee, Marekani, walipowapima wagonjwa 100 wanaoishi majumbani mwao, si waliolazwa, wakawalinganisha na watu 100 wasio na ugonjwa. Wakakadiria kuwa asilimia 43 ya wagonjwa wana upungufu wa kufikiri na kukumbuka unaotokana na ugonjwa. Kilichonigusa zaidi ni sehemu ya pili ya kazi yao. Waliwagawa wagonjwa makundi mawili, wenye shida ya kichwa na wasio nayo. Ulemavu wao wa mwili haukutofautiana sana. Lakini wenye shida ya kichwa ndio waliokuwa wachache zaidi kazini, wakishiriki shughuli za watu kwa nadra zaidi na kuhitaji zaidi msaada nyumbani. Miguu sawa, maisha tofauti. Tafiti zilizofuata zinataja kati ya asilimia 40 na 65.

Sasa nieleze kilichotokea kwenye kikoba, maana hapo ndipo nilipoacha kuliona jambo hili kama la kitabibu tu.

Mama mdogo alikuwa mweka hazina. Mnavijua vikoba: sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, kila mwanachama ana kitabu chake, ukinunua hisa unagongewa mhuri. Kikao ni kelele. Mmoja anatoa hisa, mwingine analipa riba ya mkopo, wa tatu anaulizia mchango wa msiba wa Jumanne, na mtoto wa mtu analia. Wanachama wawili wakagundua vitabu vyao havina mihuri ya wiki walizotoa fedha. Ikasemwa kwa sauti ya chini kwanza, kisha kwa sauti ya juu, kwamba mweka hazina anakula. Mume wake akaitwa. Sanduku likafunguliwa, funguo zote tatu zikiwepo, fedha zikahesabiwa mbele ya watu wote.

Fedha zilikuwa zimezidi. Zilizidi kwa kiasi kile kile cha mihuri iliyokosekana. Alipokea, akaweka ndani, mtu wa pili akamsemesha, mkono haukufika kwenye mhuri.

Mwizi gani huyo anayejiibia kwenda ndani ya sanduku? Hata hivyo walimvua cheo. Mwenyekiti alisema wanamhurumia. Hakuna aliyeomba radhi kwa neno "anakula", nami niliyekuwepo nilikaa kimya, jambo ninaloliandika hapa kwa sababu sipendi makala ambazo mwandishi ndiye mwerevu peke yake.

Tukirudi kwenye sayansi, kilichotokea pale kinaeleweka vizuri tu. Watu wengi hudhani kusahau ni kama chungu kinachovuja: kitu kiliingia, kikatoka. Kwa MS mara nyingi kitu hakikuingia vizuri tangu mwanzo. Miaka ya 1990 John DeLuca na wenzake wa New Jersey waliwafundisha wagonjwa wa MS na watu wazima wa afya orodha ya maneno, kwa sharti kwamba kila mmoja arudie mpaka ayashike. Wagonjwa walihitaji kurudia mara nyingi zaidi. Lakini wakishayashika, baadaye walikumbuka karibu sawa na wenzao. Ni jambo kubwa kwa familia kulijua. Maana yake "nilikwambia jana!" haina msaada wowote, lililo na msaada ni namna ulivyomwambia hiyo jana. Ulimwambia mara moja, redio ikiwa juu, huku yeye anasonga ugali? Basi hukumwambia.

Kuna kipimo kidogo ambacho kingeweza kufanyika kwenye zahanati yoyote. Karatasi ina alama tisa za ajabu ajabu juu, kila alama na namba yake kuanzia 1 hadi 9. Chini zimepangwa alama hizo hizo mistari mingi, zimevurugwa. Mgonjwa anatamka namba ya kila alama, kwa kasi awezavyo, kwa sekunde 90. Basi. Kilichapishwa na Mmarekani Aaron Smith mwaka 1973, na wataalamu wa MS wanakitegemea kwa sababu kinaikamata ile kasi inayopungua kabla ya vingine. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walikiunganisha na majaribio mawili ya kumbukumbu, moja la maneno na moja la michoro, jumla dakika 15 hivi, bila mashine. Nina angalizo langu. Alama za kupasi zilizopatikana kwa watu wa Ulaya na Marekani zisishushwe Kigoma kama zilivyo. Mwanamke aliyeishia darasa la saba miaka 20 iliyopita anaweza kuwa taratibu kwenye karatasi ile kwa sababu hajashika karatasi, si kwa sababu ya makovu. Njia ya busara ni kumlinganisha na yeye mwenyewe: mpime leo, mpime mwakani, uone anashuka au amesimama.

Na kushuka kupo. Wataalamu wa Florence, Italia, wakiongozwa na Maria Pia Amato, waliwafuata kwa miaka 10 wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga. Mwanzoni asilimia 26 walikuwa na upungufu wa kufikiri. Mwisho wa miaka 10 walikuwa asilimia 56. Unaweza kuisoma takwimu hiyo kwa hofu, lakini isome pia upande wa pili: zaidi ya wanne kati ya kumi walifika mwaka wa kumi vichwa vikiwa timamu. Mwendo kwa kawaida ni wa polepole, wa miaka, hautabiriki kwa mtu mmoja mmoja, na mara nyingi hauendi sambamba na miguu. Kuna anayeburuta mguu na kichwa ni wembe. Kuna mama mdogo.

Nyuma ya kushuka huko kuna jambo linaloonekana kwenye picha. Ubongo wa mtu mzima wa afya husinyaa kidogo sana kila mwaka, kati ya asilimia 0.1 na 0.3. Wa mgonjwa wa MS asiyetibiwa husinyaa asilimia 0.5 hadi 1.35 kwa mwaka. Lakini watu wawili wenye makovu yanayofanana hawafanani kichwani. Aliyesoma zaidi, aliyezoea kusoma, kucheza bao, kutunza mahesabu, huchelewa kuonyesha dalili. Wataalamu wanaiita akiba, na kwa mtu wa kikoba neno hilo halihitaji ufafanuzi: uliyoweka wakati wa neema unayachota wakati wa msiba. Ndiyo maana miye husema wazo la kumwondoa mgonjwa kwenye kila kazi "apumzishe akili" ni kumfungia akaunti.

Kabla ya kulaumu makovu kwa kila kitu, ziko sababu nyingine zinazoizidisha shida ya kichwa. Uchovu wa MS, ambao si uchovu wa kazi na hauishi kwa kulala. Sonona, inayompata karibu nusu ya wagonjwa wakati fulani wa maisha yao, na ambayo yenyewe peke yake inapunguza kasi ya kufikiri, na ambayo ina dawa. Joto nalo. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 kwamba wagonjwa wakishughulika mpaka miili ikapata joto, macho yalififia, kisha yakarudi wakipoa. Mshipa uliobanduka mielini unaweza kushindwa kupitisha ujumbe kwa ongezeko la nusu nyuzi tu. Sasa mchukue mtu huyo umweke mchangani Kibirizi saa saba mchana, au mpe homa ya malaria, ambayo huku kwetu si habari. Kichwa kitazima kwa muda na familia itadhani ugonjwa umepiga hatua. Mpoze, itibu malaria, msubiri, ndipo useme.

Nitaambiwa, kama nilivyokwisha kuambiwa, kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu na tuna mengine ya kuandika. Ni kweli kwamba MS inazidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, na Kigoma tuko nyuzi 5 hivi kusini mwake. Kati ya watu karibu milioni 2.9 duniani, sisi ni wachache. Lakini ugonjwa unaothibitishwa kwa MRI utaonekana mchache popote MRI ilipo mbali, na hapo sijahesabu waliokufa na faili lililoandikwa kiharusi, au waliobaki ndani wakiitwa warogwa. Mwaka 2022 watafiti waliopitia kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 walionyesha kuwa hatari ya kupata MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, mzungu na mwafrika. Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi, lakini wala hatuwezi kujiona tuko ng'ambo ya mto.

Habari njema zipo ingawa zinatembea kwa treni ya kila stesheni. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi, interferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Kuingia kwenye orodha si kuingia kwenye rafu, najua. Ila sasa mgonjwa wa Kasulu ana kitu cha kumwonyesha mwakilishi wake. Na muda ni muhimu kwa sababu dawa hizi zinazuia kovu jipya, lililokwishakaa haliliondoi. Vidonge vya kurudisha kumbukumbu hakuna. Donepezili, inayotumiwa kwa wazee wenye Alzheimer, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa MS wenye shida ya kumbukumbu na haikuonyesha faida, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Anayekuuzia unga wa kufungua akili kwenye kipaza sauti stendi amekuzidi kwa kipaza sauti tu.

Kinachosaidia ni cha kawaida mpaka kinaudhi. Mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja. Jambo jipya liambatane na picha au hadithi, maana mazoezi ya namna hiyo yamejaribiwa kwa wagonjwa wa MS na kuonyesha faida. Kazi ya kichwa ifanyike asubuhi, kabla ya joto na uchovu. Mwili ushughulishwe, sigara iachwe. Na kliniki iongeze swali moja baada ya lile la kutembea hadi mlangoni: mama, hesabu zinakwendaje?

Mama mdogo bado anauza. Siku hizi ana daftari la kurasa 96 lenye kamba, kalamu imefungwa humo humo, na ameacha kupokea faranga. Anayetaka kubadilisha anamwelekeza kwa binti yake wa kidato cha tatu siku za Jumamosi. Mwezi uliopita nilipita pale nikamkuta na wateja wawili, mmoja anahesabiwa, mwingine anapiga kelele za bei. Zamani angewajibu wote. Akamwinulia yule wa pili kiganja, macho yakiwa kwenye noti.

"Subiri baba. Nimalize na huyu."

Akamaliza. Akaandika. Ndipo akageuka.